Mama Aliyesusa: Kisa cha Barua ya Kitagalog Iliyotafsiriwa Mara Mbili

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya binti aliyetuletea barua. Nimebadilisha kazi za wahusika, idadi ya watoto na majira. Sentensi za Kitagalog nilizozinukuu nimezifinyanga upya ili zisiwe za mama yule neno kwa neno, ila maneno ya uchungu ni yaleyale na yamefuatana vilevile. Kosa kubwa katika kisa hiki ni langu mimi, si la mtafsiri, na ndiyo maana nimeona nikiandike mimi.

Usuli

Mama ni mjane, anaishi katika mkoa mmoja wa Watagalog kusini mwa Manila. Ana watoto wawili. Kifungua mimba ni binti, muuguzi Uingereza kwa miaka mingi, ameolewa na Mwingereza, na watoto wao wanajua Kitagalog cha salamu na cha chakula tu. Kitinda mimba ni mvulana aliyebaki nyumbani, na ndiye anayemtazama mama. Pesa za dawa, umeme na karo hutoka kwa binti kila mwezi. Kila mwaka pia hupeleka boksi la balikbayan, lile boksi kubwa ambalo Wafilipino walioko ng'ambo hulijaza sabuni, kahawa, viatu na makopo ya nyama.

Baba wa familia alifariki. Kwa Wakatoliki wa Ufilipino, baada ya mazishi kuna pasiyam, yaani siku tisa za sala, kisha siku ya arobaini, na mwaka ukitimia kuna babang luksa. Hilo "baba" si mzazi, ni kushuka. Maana yake ni kuushusha msiba, kuvua nguo nyeusi, kama sisi tunavyosema kuanua matanga, ila kwao hungoja mwaka mzima. Binti alikwenda kwenye mazishi. Babang luksa hakwenda. Likizo ilikuwa imeshapangwa na jamaa za mumewe, wakaenda Uhispania, na picha za ufukweni zikaonekana Facebook wiki ileile ambayo nyumbani walikuwa wakipikia wageni wa sala.

Mama hakugomba. Aliacha tu kupokea simu za video. Akiandikiwa, alijibu "Okay lang ako", niko sawa tu. Binti alipoahidi kumwezekea nyumba bati jipya, jibu lilikuwa "Huwag na, nakakahiya naman sa asawa mo": basi acha, ni aibu kwa mumeo. Baada ya wiki sita ikafika barua ya kurasa tatu, kwa mkono.

Binti angeweza kuitafsiri mwenyewe. Alikataa, na sababu yake naikumbuka vizuri: "Nikimsomea mume wangu, nitapunguza. Nikifika penye uchungu nitasema mama amesikitika kidogo, kisha nitaruka." Alitaka mumewe na watoto waisome barua nzima kwa Kiingereza.

Kazi tuliifanya wawili. Mtafsiri ni Mfilipino, Kitagalog ndiyo lugha aliyonyonya. Mimi nilikuwa mhakiki. Mimi ni mtu wa Tanga, na Kitagalog nilikipata Ghuba, nilikokaa miaka saba nyumba moja na Wafilipino, hata wakawa wananiita kabayan, jina waitanalo wao kwa wao ng'ambo, kana kwamba nami ni wa kwao. Nilikijua kwa sikio na jikoni. Hilo lingeweza kutusaidia tangu mwanzo lau ningelitumia.

Barua ilivyopanda

Barua ilianza kwa habari za kuku na mvua. Ukurasa wa pili ndipo penye mambo:

"Anak, hindi ako galit sa iyo. Nagtatampo lang ako." Mwanangu, sikukasirikii. Nimesusa tu.

"Dinamdam ko ang hindi mo pag-uwi noong babang luksa ng tatay mo." Kutokuja kwako siku ya kuanua msiba wa baba yako nimekuweka moyoni.

"Masama ang loob ko sa inyong mag-asawa." Ndani mwangu nimeumia juu yenu wewe na mumeo.

"Matagal ko nang kinikimkim itong hinanakit ko." Nung'uniko hili langu nimelifumbata muda mrefu.

Kisha akamalizia kwa kujishusha: "Siguro balat-sibuyas lang ako", labda mimi tu ndiye mwenye ngozi ya kitunguu, yaani mwepesi wa kuumia. "Huwag mo na akong intindihin. Kayo na ang bahala." Usinishughulikie tena. Fanyeni mnavyoona.

Msomaji wa Kiswahili ameshamsikia mama huyu. Wengi wetu tumelelewa naye. Lakini kabla ya kwenda mbele, maneno haya yanataka kukaliwa kitako, kwa sababu yote yanahusu kuumizwa na hakuna hata mawili yanayosema jambo moja.

Tampo ni kuumizwa na mtu wako wa karibu, ukanyamaza, ukajitenga kidogo, huku sikio liko mlangoni kusikia kama anakuja. Kwa kawaida humsusii hivyo mwenye duka. Unamsusia unayempenda, na ambaye unaamini anakupenda kiasi cha kuona kimya chako. Ndiyo maana neno hili lina mwenzake, suyo, ambalo ni kubembeleza. Aliyeudhi anatakiwa aje ambembeleze, na akibembelezwa vya kutosha tampo inakwisha. Umbo lenyewe la kitenzi linasema hivyo: katika nagtatampo silabi ya kwanza ya mzizi imerudiwa, na marudio hayo katika Kitagalog huonyesha tendo halijakwisha. Mama anasema bado yuko katika kususa, mlango haujafungwa. Kiswahili chetu kina kususa, kununa, kudeka na kubembeleza, na ukivipanga pamoja umeikaribia tampo kuliko Kiingereza kinavyoweza. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza pia kususia uchaguzi au kususia mkutano. Tampo haitoki nje ya mapenzi namna hiyo.

Dinamdam inatoka kwenye damdam, hisia. Ni kulipokea jambo na kuliacha liingie.

Masama ang loob ni zito zaidi. Loob ni ndani: loob ng bahay ni ndani ya nyumba, na loob ya mtu ni ule undani wake anaoamulia na kuumia nao. Masama ni -baya. Ukitafsiri vipande vipande utapata "ndani mwangu ni kubaya", na mtu wa kwetu atasikia "nina roho mbaya", ambayo ni tusi. Kitagalog chenyewe kinatenganisha vitu hivyo: masasamang-loob, maneno yakiunganishwa, ni wahalifu, watu wabaya. Masama ang loob, likikaa lile "ang" katikati, ni mtu aliyeumizwa. Neno dogo la herufi tatu linamtenga jambazi na mama anayelia.

Hinanakit, ambamo sikio linasikia sakit, maumivu, ni nung'uniko juu ya mtu uliyemtarajia mema. Huwa na umri. Na mama hakusema ninayo tu, alisema kinikimkim, na kimkim ni kukifumbata kitu kiganjani.

Kwa hiyo barua inapanda ngazi. Inaanza na kususa, ambako dawa yake ni kubembelezwa. Inapita kwenye jambo moja lililoingia moyoni, inafika kwenye undani ulioumia kwa ajili ya wote wawili, na mwisho inafungua kiganja kuonyesha kitu cha zamani kuliko babang luksa. Juu ya ngazi hiyo mama anageuka na kujifanya hakusema kitu.

Tafsiri ya kwanza

Mtafsiri aliileta baada ya siku mbili. Ilikuwa safi, na kila neno lingeweza kutetewa kwa kamusi. Nagtatampo ikawa "I am sulking". Dinamdam ikawa "I resented". Masama ang loob ikawa "I have ill feelings toward you and your husband". Hinanakit ikawa "resentment". Huwag mo na akong intindihin ikawa "You do not need to worry about me". Kayo na ang bahala ikawa "It is up to you".

Nilikagua tahajia, nikalinganisha aya kwa aya, nikaipitisha. Sikuuliza ni nani atakayeisoma. Sikuisoma kwa sauti. Binti alikuwa ametupa pia jumbe nne za sauti za mama kama msaada wa kuelewa muktadha, nami sikuzisikiliza kwa kuwa hazikuwa sehemu ya kazi ya kulipwa.

Kilichofuata

Mume aliisoma barua usiku, peke yake. Baadaye alitueleza alichokipata humo. Kwanza alimwona mkwewe kama mtoto, kwa kuwa "sulking" kwa Mwingereza ni kazi ya mtoto aliyenyimwa peremende, na mtoto wa hivyo huachwa mpaka atulie. Mistari mitatu chini akamwona kama adui: ana chuki, tena chuki ya muda mrefu, na imemlenga yeye kwa jina la mume. Hakuweza kuunganisha picha hizo mbili, akachagua ya pili. Kisha akafika mwisho na kupata nafuu, maana mama mwenyewe ameandika kwamba hana haja ya kuhangaikiwa na kwamba uamuzi ni wao.

Basi akaamua. Alipeleka pesa za bati zima kwa shemeji yake, mafundi wakaitwa, na akamwandikia mama barua fupi ya Kiingereza cha heshima akiomba radhi kwa "usumbufu wowote" na kumjulisha kwamba paa linashughulikiwa.

Mama aliwarudisha mafundi mlangoni. Jumbe za "Okay lang ako" nazo zikakoma.

Hapa ndipo binti aliporudi kwetu. Hakuja kwa ukali. Aliweka karatasi mbili mezani, ya mama na ya kwetu, akaniuliza: "Kaka, huyu wa huku na huyu wa huku ni mtu mmoja?"

Duru ya pili: tulivyoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza tulilofanya ni kusikiliza zile jumbe za sauti. Katika ya tatu, mama anasema nagtatampo lang ako kwa sauti ya chini inayovutwa kwenye "lang", na nyuma yake kuna kimya cha kama sekunde tano kabla hajakata. Mtafsiri alishika kichwa. "Lang" tulikuwa tumeiacha kabisa. Ni sawa na "tu" ya Kiswahili. Katika sentensi ile ndiyo iliyobeba kazi yote: inapunguza, inaita, inasema njoo.

Tulibishana juu ya tampo kwa saa nzima. Mtafsiri alitaka neno libaki kama lilivyo, kwa hoja kwamba Wafilipino wenyewe wakizungumza Kiingereza hulibakiza, husema fulani ana tampo na mazungumzo yakaendelea. Mimi nilipinga: msomaji wetu si Mfilipino, na neno asilolijua litamwacha mlangoni kama wale mafundi. Nilipendekeza "hurt" peke yake. Yeye akajibu, na alikuwa na haki, kwamba "hurt" inaeleza jeraha bila kueleza kungoja. Mwisho tulikubaliana kuacha neno na kulifungulia palepale: "I am not angry with you, my child. It is only tampo: you hurt me, and I have gone quiet until you come to me." Ni ndefu mara mbili ya asili. Niliikubali kwa sababu mama alikuwa amesema yote hayo kwa maneno matatu, na Mfilipino yeyote angeyasikia yote.

Dinamdam tuliipa "I took it to heart". Hapa Kiingereza kilitufaa bila taabu.

Kwa masama ang loob tulikimbia kila neno lenye harufu ya nia mbaya. Tukaandika "Deep down I am hurt by the two of you". Ule uzito wa "ninyi wawili" tuliulinda, na hapo ndipo tulipogongana na binti. Alitaka tuandike "by you" tu, ili mumewe asiguswe. Nilimwambia hapana, kwa upole lakini hapana. Mama aliandika inyong mag-asawa, mke na mume, na hakukosea kalamu. Tafsiri ya kwanza ilikuwa imemfanya mama mkali kuliko alivyo. Tukimfanya laini kuliko alivyo tutakuwa tumemnyang'anya barua yake mara ya pili. Binti alinyamaza, kisha akasema ndiyo hiyo sababu aliyokataa kuitafsiri mwenyewe.

Hinanakit ndiyo iliyonitia uchungu. Katika tafsiri ya kwanza ilikuwa imemezwa, kwa kuwa "resent" ilishatumika juu yake na "ill feelings" ikafuata, kwa hiyo msomaji alipofika kwenye kilele alikuta tambarare. Tuliandika: "There is something older that I hold against you, and I have kept it closed in my fist for a long time." Neno "older" halimo katika sentensi ya mama. Limo katika matagal na katika hinanakit yenyewe, na tulikubaliana kulisimamia.

Kayo na ang bahala tukaifanya "Do as you two see fit, I will say no more". Mzazi akisema hivyo, kwao na kwetu, hajatoa ruhusa. Ameondoa mkono wake. Tuliambatisha nusu ukurasa wa maelezo kwa mume, tukimweleza hilo, tukimweleza na suyo: kwamba aliyesusa hapelekewi pesa kwanza, anaendewa, anaitwa kwa jina la mapenzi, anakataa, anaitwa tena, na kukataa kwake mara ya kwanza na ya pili ni sehemu ya jambo lenyewe.

Maelezo hayo yalikuwa nje ya mkataba. Kuna watafsiri wenzangu watakaosema tulivuka mpaka, kwamba kazi yetu ni maandishi na si kumfundisha mtu jinsi ya kuishi na mkwewe. Nawaelewa. Lakini tafsiri yetu ya kwanza ilikuwa imeshaingia katika nyumba ile ikaita mafundi wa bati, na sikuona namna ya kuutoa mkono wangu wakati huo.

Matokeo

Mume aliisoma tafsiri ya pili mbele yetu. Aliuliza swali moja tu: je, wiki zile sita mama alikuwa anamngoja mke wangu peke yake, au na mimi? Mtafsiri akamwonyesha inyong mag-asawa.

Binti alipiga simu. Mama hakupokea. Alipiga kesho yake, hakupokea. Siku ya tatu alipokea, akageuza kamera kwenye dari, wakazungumza robo saa huku binti akitazama boriti. Kwa Undas, tarehe 1 Novemba, siku ambayo Wafilipino huenda makaburini na kukesha na wafu wao kwa mishumaa na chakula, binti na mumewe na mtoto mkubwa walikuwa kaburini kwa baba. Tampo iliishia jikoni asubuhi yake, mama alipomwekea mkwewe sahani ya pili bila kumuuliza kama ameshiba.

Hinanakit haikuisha. Ilikuwa juu ya jambo la miaka mingi, namna kitinda mimba alivyoachiwa mama na nyumba huku maamuzi yakifanywa Uingereza, na hilo halina dawa ya kubembeleza. Wanaliongea sasa, polepole. Paa nalo bado ni lile la zamani. Na ile barua fupi ya mume mama ameiweka. Huitaja akikasirika, na maneno anayoyataja ni yale ya Kiingereza, "any inconvenience", ambayo mjukuu wake alimsomea.

Uchambuzi

Makosa ya tafsiri ya kwanza sikuyaona kwa sababu nilikuwa nikitafuta makosa ya maneno. Hakuna neno lililokuwa kosa. "Sulk" imo kwenye kamusi nyingi mbele ya tampo. Tulichokosea ni daraja: kususa tulikufanya jambo la kitoto, nung'uniko la miaka tukalifanya la kawaida, na katikati tukapaka rangi moja. Tangu siku ile, nikipewa maandishi ya mtu aliyeumia, ninaandika pembeni maneno yote ya maumivu kwa mfuatano na kuyapanga kwa uzito kabla ya kutafuta hata neno moja la Kiingereza. Ukishaiona ngazi, neno linalofaa ngazi ya tatu haliwezi tena kukaa kwenye ya kwanza.

La pili ni kwamba maneno haya ya Kitagalog yana kazi ndani yake kwa anayeambiwa. Galit, hasira, humwambia ajihadhari. Tampo humwita aje. Hinanakit humtaka asikilize hadi mwisho. Mume wa watu alifanya jambo la busara kabisa kwa barua tuliyompa: aliyeambiwa amua, akaamua. Kipimo ninachokitumia siku hizi ni kumuuliza mtafsiri, msomaji akiinuka hapa atakwenda kufanya nini, na je, ndicho alichotaka mwandishi?

Kilichofaulu katika duru ya pili ni sauti, na kukataa kulainisha. Nilijifunza pia kwamba Kiswahili changu hakikuwa kikwazo kati ya Kitagalog na Kiingereza kama nilivyodhani. Nilikuwa nimekiweka kando ili niwe mtaalamu. Nilipokirudisha, nikajiuliza tu mama yangu angesemaje hapa, nusu ya barua ilifunguka. Nusu nyingine haikufunguka kwa njia hiyo, na hapo mwenye lugha ndiye aliyenishika mkono: lile "ang" la masama ang loob nisingelitafakari kamwe bila yeye.

Kuna sentensi moja ambayo bado haijatuachia usingizi. Huwag mo na akong intindihin. Intindi waliipata kwa Wahispania, kutoka entender, kuelewa, na katika Kitagalog imebeba yote mawili, kumwelewa mtu na kumshughulikia. Mama aliandika usinishughulikie tena, na chini yake inasikika usihangaike kunielewa. Katika duru ya pili tuliweka "Never mind about me". Mtafsiri ameipigia mstari kwa penseli katika nakala yetu, nami kila nikifungua faili naongeza pendekezo jingine pembeni. Sasa yamefika saba, na hakuna lililomridhisha.